Kikopo cha Mzima

Kila boksi jipya la vijiti likifika maabara
huapishwa kwanza:
kimoja tunakichovya kwenye maji safi,
kimoja kwenye mkojo wa mgonjwa tunayemjua,
kimoja kwenye mkojo wa mzima.
Mzima, miaka tisa sasa, nimekuwa mimi.
Mntambo hucheka: "Mwantumu una ajira mbili,
ya mshahara na ya kukojoa."

Asubuhi ile foleni ilikuwa ya wakata mkonge wa Pongwe,
mikono imechorwa na miiba,
kila mmoja kikopo kakibana kwapani
kama aliyebeba siri ya nyumba.
Shekiondo akaniuliza, "Dada, mkojo utasema nini
ambacho mwenyewe sikijui? Nala, nalala, siumwi."
Nikamjibu lile nililozoea:
umepata kumwona mama akikamua tui?
Figo ni kifumbu.
Kikiwa kizima, machicha hubaki ndani, tui likashuka.
Ukindu mmoja ukikatika hakuna ajuaye;
chakula kinapikwa, wageni wanasifu,
mpaka siku mtu atafune machicha kwenye wali.
Sisi hapa tunatafuta chicha la kwanza.

"Na hii damu mnayonitoa?"
Damu nayo hushuhudia,
ila ni shahidi wa kuchelewa.
Kreatini haipandi hovyo;
hungoja nusu ya nyumba iteketee
ndipo ipige ukunga wa moto.
Mkojo ni mtoto wa jirani: huona moshi mapema,
husema mapema,
na kwa kuwa ni mtoto, hasikilizwi.

Basi nikachovya.
Maji: njano. Sawa.
Mgonjwa: kijani cha jani la mgomba. Sawa.
Mzima:
nikahesabu sekunde sitini kwenye saa ya ukutani,
ile inayokwenda mbele dakika nne,
kijani.
Si kijani cha kupiga kelele.
Kijani cha limau
ambalo bado halijaamua.

Nikalaumu boksi, nikafungua jingine.
Nikalaumu kikopo. Nikalaumu taa.
Nikakumbuka vidonge vya mgongo
nivitafunavyo kama karanga tangu mwaka wa mafuriko.
Nikamkumbuka shangazi wa Makorora, miguu ilivyomvimba,
tukasema ni chumvi,
tukasema ni jicho la mtu.

"Boksi limepita?" Mntambo akauliza.
Limepita.
Aliyefeli ni mzima.

Kisha nikachovya kijiti cha Shekiondo
kwa mkono uliokuwa wa mtu mwingine.
Njano. Njano tupu, ya kiini cha yai.
Nilimpa karatasi yake; akaikunja mara nne
akaitia kwenye soksi, akasema, "Si nilikwambia?"

Na kwenye daftari, chini ya jina lake,
kwa mwandiko wangu uleule usio na huruma:
Mwantumu Kilalo, arobaini na mmoja, ke.
Kalamu ikakwama penye "anakoishi"
kana kwamba sipajui Ngamiani,
Barabara ya Kumi na Tatu, mlango wa bluu.

Siku hizi nausemesha mwili wangu kwa msemo wa mji:
waja leo, waondoka leo.
Maana protini nyingine ni wageni kweli,
huletwa na homa, na jua, na kazi ya sulubu,
zikaaga bila kuvunja hata kikombe.
Nyingine huja na mikeka yao.
Kuwatambua wageni na wahamiaji
ni miezi mitatu, na kupima tena.
Nimebakiza wiki tano.
Vidonge nimevitupa chooni. Maji nakunywa kwa kuhesabu.

Jana limefika boksi jipya.
Mntambo akanitazama, kisha akatazama dirishani,
akajifanya anatafuta kisu cha kukatia gundi.
Nikamnyooshea kikopo kitupu:
"Leo mzima ni wewe."
Hakucheka.
Akakipokea kwa vidole viwili,
kama kinachounguza.