Kadi ya Kijani

Duluth, Februari. Watu sita mezani, na mimi.
"Alama zake nzuri," asema mwanasaikolojia wa shule,
"mtoto mtulivu, hasumbui mtu."

Hasumbui. Ndiyo.
Tangu Septemba Leif hajaomba ruhusa ya choo.
Hujibana hadi saa tisa, kisha mbio nyumbani,
buti na theluji yake mpaka ndani.

Nilikuja na maneno, nimeyaandika.
Yakanikauka kooni. Mtoto wa nyoka ni nyoka.
Nikausukuma mfuko wa nailoni katikati ya makaratasi yao:
suruali tatu, nilizozifua usiku.

Bi Haugen akavua miwani.

Wakaandika: kadi ya kijani.
Aiweke tu juu ya dawati, atoke, asiulizwe.

Wiki tatu, kadi ingali mpya.

Jana imerudi
kona moja imekunjika.