Ukurasa wa Kumi na Tisa

Cleveland, Januari, chumba juu ya duka la mashine za kufulia.
Ludmila Hrabak anamtia wino Ombwe,
mla malimwengu.

Mia sita keshayameza. Mchoraji alizungusha duara tu kwa penseli,
akaandika pembeni: paka nyeusi.
Mpakaji ni yeye: brashi ya manyoya ya kicheche,
kifundo kinachouma, dola kumi na nne kwa ukurasa.

Bahari yenye miezi mitatu: nyeusi.
Dunia ambayo mamaye hakufa: nyeusi,
ingawa hapo aliinuka, akachemsha maji, asinywe.

Sasa Ombwe kaachama juu ya chumba kimoja kidogo:
mwanamke, taa, meza iliyoinama.
Mla cha mwenziwe na chake huliwa.
Lakini huyu ana nini chake, zaidi ya kinywa?

Simu inalia. Mhariri, bila shaka.
Wino umebaki wa kujaza kifuniko.
Huko chini mashine zinazungusha mashuka ya watu.

Anachovya.
Anapaka koo, ulimi, fizi,
anaizunguka taa, haigusi:
nukta ya karatasi tupu, ndogo kama yai la chawa,
imemkwama.