Nusu ya Jina Langu

Cheti cha ubatizo, Webuye, kinasema Eunike.
Mwalimu wa darasa la kwanza alisoma Yunisi.
Karani wa vitambulisho akaandika Yunis, akagonga muhuri,
na kukhu, ambaye ulimi wake haukukubali
irabu mbili zisukumane mlangoni,
alijaribu Yunikha wiki nzima, kisha akachoka:
"Wewe ni Nasimiyu. Ulizaliwa kiangazi, visima vimekauka.
Hilo halihitaji padre."

Nilikuwa na miaka thelathini na moja
shemasi Klementi (jina lake ni upole, naye ana hasira za siafu)
aliponipasulia jina kama muwa:
Eu, njema. Nike, ushindi.
"Tamka yote. E-u-ni-ke. Usimeze kitu."

Ushindi upi? Nilikuwa na kodi ya miezi miwili.

Jumamosi, Kibuye, ndani ya lundo la mitumba,
nikaokota kiatu cha kushoto,
na ubavuni, kwa herufi kubwa, nusu yangu.
"Naiki hiyo, mama. Orijino."
"Nike," nikamsahihisha. "Ni Kigiriki."
Muuzaji akakichukua, akakipangusa kwa kiwiko.
"Kama ni Kigiriki, ongeza hamsini."

Cha kulia hakikuwepo. Tulipekua hadi adhuhuri.

Nilikinunua hivyo hivyo.
Sasa kipo dirishani, Manyatta, kimejaa udongo,
dania imechomoza pale penye kamba.
Mvua imegoma tangu Januari.
Nakimwagilia jioni, kikombe kimoja,
na nikiulizwa na jirani ni nani yuko huko ndani
naitika Nasimiyu.