Majina Saba ya Gerezani

Ukuta wa karakana yetu una majina saba.
Yaliandikwa kwa penseli, kwa herufi za Kigiriki,
na Kozma Vardali, mwenye duka
enzi zile kabla majumba hayajataifishwa.
Kila jina na namba yake pembeni.
Juu yake neno moja, limepigiwa mstari.

Baba hakuweza kuzisoma herufi zile.
Kozma alimsomea mara moja tu, jioni ya masika,
wateja hakuna, Mtaa wa Lindi umejaa maji,
naye akayashika kama mtu anavyoshika anachodai:
Anesti wa Patra. Pandeli wa Volo.
Thrasivulo mrefu. Zisi.
Wana wa Karalis, wawili.
Na Lambro.

"Mabingwa wa baiskeli wa Ugiriki," alituambia.
Na namba?
"Dakika."
Lambro, mia moja na nne! Kupanda mlima mmoja!
Basi tukauona mlima wenyewe, Pugu iliyobebeshwa Pugu,
na mtu mwembamba anaukwea, meno nje,
hashuki akakokota kama sisi.

Nimekua na watu hao.
Nikinyoosha rimu, niliwaita mmoja mmoja:
Anesti, robo mzunguko. Pandeli, robo.
Zisi, legeza kidogo,
mpaka gurudumu liache kulewa.
Shuleni wenzangu walikuwa na Simba yao na Yanga yao.
Mimi nilimtetea Thrasivulo
nikapigwa kibao na mtoto wa Ilala
ambaye hakutaka hata kujua ni nani.

Mwaka juzi akaja mwanamke kutoka bandarini,
Fotini, fundi mitambo wa meli,
kucha nyeusi kama zangu,
na kibaiskeli cha kukunja chenye pancha mbili.
Nilikuwa napaka solusheni. Yeye akainua macho ukutani,
akasoma.
Akacheka hadi akajishikiza kwenye jiriwa.

Kwa Kiingereza chake na changu, vyote vya kuungaunga,
nikaelewa neno la juu:
Wadaiwa.
Na dakika zile ni shilingi.

Nilikaa juu ya debe. Tyubu ikajikausha yenyewe.

Nadhani alinihurumia. Akatoa simu,
akanionyesha msichana wa kwao, wa siku hizi,
anazunguka ndani ya bakuli la mbao, kalala ubavu hewani.
Breki iko wapi? Haina.
Akanisimulia na wa kale, Athene ya vumbi,
jinsi mmoja alivyoharibikiwa njiani
akapanda baiskeli ya mtu mwingine,
akaanguka, akapanda tena, akafika wa kwanza.
"Huyo ni wa kweli?" nikauliza.
"Wa kweli."
Akanitajia jina. Sikuliandika.
Niliona kama nitamwonea Lambro.

Baba amezikwa Kisutu na dakika zake.
Idi ilipokaribia nikapaka chokaa karakana nzima,
nikaizunguka ile sehemu, upana wa tairi,
mume wangu akasema nimeacha kidonda.
Wacha kiwe.

Maana hebu fikiri:
mia moja na nne, na hakulipa.
Kozma kaenda zake, duka limepita mikono mitatu,
shilingi yenyewe imechakaa ikabaki jina,
na zaidi ya miaka hamsini
hakuna aliyemfikia.
Mtu aliyekuacha nyuma hivyo, utamwita nani?

Leo alfajiri Chande wa mikate kaniletea Foniksi yake,
friwili imekufa, keria inaning'inia.
Nimemtengenezea. Atalipa mwisho wa mwezi,
ameapa, akaondoka anakanyaga kwa kusimama,
maandazi yanaruka kwenye kreti,
hakutazama nyuma hata alipofika kona.

Nimetafuta penseli.
Chini ya Lambro pana nafasi.