Tarishi

Nyumba yetu ya Kadutu imening'inia mlimani
kama kifungo kwenye uzi wa mwisho.
Kutoka jikoni hadi sebuleni ni hatua sita.
Wiki tatu nzima, hizo hatua sita
alizitembea mtoto.

"Mwambie baba yako fufu iko mezani."
"Mwambie mama yako nimeshiba."
Sikuwa nimeshiba. Nilikuwa nimenuna,
na mnuno hujaza tumbo
kwa saa moja hivi.

Chanzo? Dola mia.
Nilimpa mdogo wangu, akaenda nazo Kamituga
kufukua dhahabu, akarudi na malaria.
Sikumwambia Nabintu.
Aliambiwa na wifi yake, soko la Nyawera,
mbele ya mafungu ya sambaza,
wauzaji wakiwa wametega masikio.

Aliporudi hakuuliza ya dola mia tu.
Aliuliza na ya redio niliyoikopesha ikapotea,
na ya harusi ya dada yake nilipochelewa,
na yale maneno ya mama yangu.
Nabintu hatupi neno. Huliosha, hulikausha,
hulipanga chini ya kitanda kama bidoni tupu
kungojea siku ya kiu.
Na mimi? Mimi ni fundi wa kufunga mdomo.
Niliutazama ukuta. Niliutazama mpaka akalia,
kisha nikasema:
"Unaona? Ndiyo maana huwa sikuambii kitu."

Basi kazi tukampa Ansima.
Miaka saba, meno mawili ya mbele hana,
posta isiyo na mshahara.

Sijui alianza lini kughushi.
Nilisikia kwa masikio yangu, kutoka jikoni:
"Mwambie baba yako sabuni haijileti yenyewe."
Akaja, akasimama, akakuna goti.
"Mama anauliza, umechoka?"
Nikasahau hasira nilikoiweka.
"Mwambie, kidogo. Mgongo."

Kesho yake nikatuma:
"Mwambie sombe hii ina chumvi ya kuua ng'ombe."
Sijui kilichofika kule.
Nilichosikia ni Nabintu akiimba
huku akimenya viazi.

Usiku wa Alhamisi, saa nane, jirani akapiga bati:
"Mayi! Mayi imekuja!"
Maji ya kwetu huja kama mwizi,
mara moja kwa wiki, bila hodi.
Tukaamka wote wawili. Umeme hakuna.
Ansima amelala, mdomo wazi, yuko likizo.
Mmoja ashike mpira, mwingine abadilishe bidoni:
kazi hiyo haikubali kununa.
"Imejaa." "Toa." "Lete."
Maneno yetu ya kwanza, yote ya bidoni.

Ya tano ilipojaa akasema, bila kunitazama:
"Mgongo je?"
"Afadhali. Siku ile ulipouliza, nilifurahi."
"Siku gani? Sikuuliza."
Maji yakatumwagikia miguuni. Hakuna aliyeinua mpira.
"Na wewe," akasema polepole,
"ulisema sombe yangu inakukumbusha ya bibi yako Walungu."
"Sikusema."

Tukageuka pamoja
kulitazama dirisha la mtoto.
Kule chini ziwa lilikuwa jeusi,
na ng'ambo, Rwanda, taa zilikuwa zikiwaka
kwa ajili ya watu wengine.

"Zile dola," nikaanza.
Ulimi ulikwama kama mlango uliovimba kwa mvua.
"Niliogopa utakataa. Na ungekuwa na haki."
Nabintu akavuta pumzi.
Nikasikia bidoni zote za chini ya kitanda
zikigongana.
Kisha akachagua moja.
"Tuongee ya Kamituga. Ya redio ingoje."

Maji yalikatika bidoni ya nane ikiwa nusu.
Tuligombana tena mara mbili kabla ya kucha,
lakini kwa midomo yetu wenyewe.

Asubuhi Ansima alisimama katikati ya hatua sita
akingoja kutumwa.
Mama yake akampita na kikombe.
"Chai," akaniambia. Mimi.
Mtoto akamtazama yeye, akanitazama mimi,
kama mtu aliyefutwa kazi
asiyejua kama acheke.