Laki Tisa

Laki tisa za naira, alisema muuzaji,
akaipangusa jenereta kwa mkono wa shati
kama mtu anayempangusa mtoto pua kabla ya wageni.
Chundung Davou alihesabu noti mara mbili.
Mimi niliandika laki tisa, nikapiga mstari chini,
nikadhani hesabu imefungwa.

Mahari si ndoa.
Hilo nalijua sasa. Siku ile Bukuru kulikuwa na baridi,
mayai elfu nne na mia mbili yamo ndani ya kitotoleshi,
umeme wa gridi umeondoka tangu alfajiri bila kuaga,
na sote tulitaka sauti moja tu: injini kushika.

Ikashika.
Ikanywa dizeli siku hiyo, ikanywa kesho yake,
ikanywa Krismasi, ikanywa siku ya mazishi ya mzee Davou
waombolezaji wakiwa wanagawana maji.

Nikaandika dizeli.
Nikaandika oili, kila saa mia mbili na hamsini.
Filta ya hewa, ambayo kitabu cha mtengenezaji kilisema itadumu mwaka;
mwenye kitabu hajaiona harmatani ikishuka Jos,
vumbi laini kama unga wa muhogo,
linaloingia hata ndani ya saa ya mkono.
Nikaandika kufuli.
Nikaandika kizimba cha chuma, baada ya kufuli kukatwa.
Nikaandika fundi Lengdung, nauli ya Lengdung,
chakula cha Lengdung, na lile neno lake, "pampu",
ambalo kila akilitamka lilikuwa na bei mpya.

Mengine sikujua niyaweke safu gani:
Mama Kaneng jirani, aliyeacha kuitikia salamu
tangu moshi uhamie kwenye nguo zake alizoanika;
Bitrus, miaka kumi na sita, aliyelala kando ya mashine kuilinda
akaamka na kikohozi ambacho hakina risiti hadi leo.

Na usiku wa ishirini.
Vifaranga walishaanza kugonga ganda kutoka ndani,
niliwasikia, tk, tk, kama mvua isiyoamua.
Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.
Ni filta tuliyoahirisha kuinunua
kwa kuwa mwezi ulikuwa mbaya.
Tulifunika trei kwa mablanketi, kwa makoti,
kwa shuka la kitanda chake Chundung.
Kabla ya mapambazuko kule kugonga kulipungua,
kisha nikawa nasikia saa ya ukutani peke yake.

Asubuhi hakulia. Alisema: Lete daftari.
Jumlisha yote. Si ya mwezi huu. Yote,
toka siku ile tuliyoshangilia.

Kurasa thelathini na moja.
Kila naira tuliyoiacha dukani
ilikuwa imewaita wenzake saba,
nao walikuja mmoja mmoja, kimya,
hakuna aliyewaona wakiingia,
na wote wamekula.

"Rahisi ghali," nikasema, nikijitia hekima.
"Nyamaza," akasema. "Haikuwa rahisi. Hatukuuliza tu."

Wiki iliyopita amekuja kijana mwingine, Nanribet,
na picha za paneli na betri,
bei yake mara tano ya ile.
Anasema jua halina bili.
Chundung alimpa kiti, akammiminia kunu.
Bei aliiacha ipite kama mtu asiyemdai kitu.
Akauliza: Betri hizi zitakufa mwaka gani?
Maiti zake atazibeba nani, kwa nauli ya nani?
Hilo vumbi letu nani atalipangusa, mara ngapi kwa juma?
Na usiku wa ishirini, zikizima,
nimpigie nani simu, naye anakaa wapi?

Kijana alikunja picha zake taratibu.
Akaomba kalamu. Nikampa yangu.

Nimefungua ukurasa mpya, safu mbili.
Ya bei nimeifanya nyembamba,
upana wa kidole.