Jenereta ya Nne

Mhandisi, nilikusikia vizuri.
Ulisimama mbele yetu ukumbini Kigamboni,
kinu chako cha plastiki juu ya meza,
mnara mweupe, miti midogo ya kijani,
hata vijigari umevipanga kwenye maegesho.
Ukasema umeme ukikatika
kuna jenereta ya kwanza.
Ya kwanza ikigoma, kuna ya pili.
Ya pili ikigoma, ya tatu.
"Na ya nne," ukasema, ukatabasamu,
"ya nne haitahitajika kamwe."
Watu wakapiga makofi.
Mimi nikatazama mikono yangu.

Naitwa Kasiani Mbawala, fundi jenereta,
miaka ishirini na sita, Kurasini hadi Tegeta.
Nazijua kwa kikohozi, kama mama na wanawe.
Nimeikuta moja Kariakoo, chini ya ghorofa tisa,
tangi limejaa maji
na mlinzi anaapa kwa Mungu ni dizeli.
Nyingine Upanga, betri imeazimwa
kwenda kuwasha muziki wa harusi,
harusi imeisha, ndoa imevunjika, betri haijarudi.
Nyingine Jangwani, mpya, karatasi za kiwandani bado zimeng'ang'ania mlangoni.
Msimbazi ulipanda usiku ukaikalia kichwani.
Ilikuwa nzima, mhandisi. Nasema tena: nzima.
Kibovu kilikuwa mahali ilipowekwa.

Ulitueleza moto wa kinu si moto wa kuni,
kwamba ukiuzima hauzimiki,
makaa yake yanataka maji usiku na mchana
kama mgonjwa wa homa,
na maji yanataka pampu,
na pampu inataka umeme.
Kumbe kinu kitakachotuletea umeme
nacho kinaomba umeme
ili kisituue.
Hilo ndilo lililonikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kwa sababu nina siri.
Hospitali moja, sitaitaja,
kila Jumatatu nilitakiwa kuwasha jenereta
nusu saa, kisha niandike daftarini:
joto, mafuta, sauti, sahihi.
Jumatatu ile ilikuwa masika,
barabara imegeuka mto, mwanangu anachemka kitandani.
Jumatano nikaandika: "Jumatatu. Imewashwa. Salama."
Wiki iliyofuata nikaandika tena,
na safari hii jua lilikuwa linawaka.
Kosa la kwanza hubisha hodi;
la pili lina ufunguo wake.

Ikaja siku umeme ukakatika, na jenereta ikakataa.
Dakika kumi na moja.
Sista Adelhelma, gizani, akibana mfuko wa mpira,
akihesabu kwa sauti, moja, mbili, achia,
kichanga cha siku mbili chini ya kiganja chake.
Kiliishi. Naandika hapa kwamba kiliishi.
Mimi sikuulizwa chochote.
Daftari lilinisafisha:
sahihi yangu, wino wa bluu, kila Jumatatu.

Basi sina swali la unene wa zege,
wala la chuma, wala la nani kakitengeneza.
Hayo naamini mnayajua kunishinda.
Nilitaka jina.
Mwaka wa kumi na tisa wa kinu,
rangi ya mnara imechujuka,
wageni wameacha kuja kupiga picha,
mshahara umechelewa mwezi wa pili,
Jumatatu, mvua,
nani atakwenda kuiwasha jenereta ya nne,
ile isiyohitajika kamwe?
Anaitwa nani? Anakaa wapi?
Mtoto wake akiumwa, nani anashika zamu?

Sikuuliza. Kipaza sauti kilifika safu yangu, kikapita.
Soda zilipoanza kugawiwa nikatoka,
nikazunguka nyuma ya ukumbi
ilipolala jenereta ya pale.
Nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta kwa leso,
nikakitumbukiza, nikakitoa tena.
Chini ya alama.
Nikamtafuta kijana wake. Hakuwepo.
Nikakaa juu ya ndoo, pembeni yake,
hadi mkutano ulipokwisha.